Kazadi: Kipa aliyetolewa dakika ya 21, akarudi kuikabili Brazil

UKIWA kipa huku Dodoma, adui yako wa kwanza siyo straika, ni upepo. Kiangazi kikishakolea, mpira wa juu unaouona kabisa unakwenda nje unageuka njiani na kuingia golini, na wewe vumbi limeshakujaa machoni. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye uwanja mmoja wa mtaani, Chang'ombe ya huku kwetu, siyo ile ya Dar es Salaam, nikiangalia mechi ya vijana. Dogo aliyekuwa golini, miaka 17 hivi, alifungwa mabao mawili ya haraka haraka, la pili kwa mpira wa aina hiyo hiyo ya upepo. Kocha wake hakusubiri. Dakika 25 hazijafika akamtoa, watu wote wanaona, bila kumwambia neno. Dogo alinipita akivua glovu, akaenda kukaa nyuma ya mti peke yake, na nilisikia wenzake wakisema kwamba ameapa hachezi tena.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyekalia tofali. Alitikisa kichwa, akasema huyo mtoto amefanyiwa ya Kazadi.

Nakiri jina nililijua kwa mbali tu. Kizazi chetu tunamjua Kidiaba, yule kipa wa Mazembe aliyekuwa anashangilia kwa kurukaruka na makalio chini. Huyu Kazadi alifariki wengi wetu tukiwa hatujazaliwa. Nikaanza kufukua, na nilichokikuta kimenifanya niandike habari hii badala ya ile ya usajili niliyokuwa nimepangiwa.

KIPA WA MJI WA SHABA

Robert Kazadi alizaliwa Machi 6, 1947, enzi za Congo ya Wabelgiji. Soka lake limefungamana na Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga ambao Wabelgiji waliuita Élisabethville. Ni mji ambao hadi leo Mtanzania ukishuka sokoni unaongea Kiswahili na unapewa chenji yako sawasawa, japo Kiswahili chao kina ladha yake.

Klabu yake ni ile ile tuliyoizoea kwa ajili ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, TP Mazembe. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, na wakati Kazadi yuko golini ilikuwa bado inaitwa TP Englebert, jina la kampuni ya matairi. Hiyo TP ni Tout Puissant, yaani wenye nguvu zote, na kwa miaka ile hawakuwa wanajisifu bure. Kuanzia 1967 hadi 1970 Englebert walicheza fainali nne mfululizo za Klabu Bingwa Afrika. Walichukua mbili za kwanza na kuwa timu ya kwanza kutetea kombe hilo.

Ukiziangalia fainali hizo kwa jicho la kipa utashangaa. Mwaka 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana zilikuwa sare ya 1-1 na sare ya 2-2, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, Englebert wakapewa kombe. Fainali ya 1968 walianza kwa kuwapiga Étoile Filante ya Togo 5-0, halafu wakaenda Lomé wakachezea 4-1. Umefungwa manne, mashabiki wa wenyeji wanakuzomea, na bado ni bingwa wa Afrika kwa jumla ya mabao 6-4. Kipa anayekulia kwenye timu ya namna hii anazoea mapema kwamba kufungwa na kushindwa ni vitu viwili tofauti.

Januari 1968 Kazadi alikuwa Ethiopia na timu ya taifa, Congo-Kinshasa, kwenye Mataifa ya Afrika. Alikuwa hajafikisha hata miaka 21. Katika makundi walipigwa 2-1 na Ghana, na Ghana ya wakati ule haikuwa ya mchezo, ilikuwa imelichukua kombe mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Congo wakapita, wakawatoa wenyeji Ethiopia 3-2 kwenye nusu fainali baada ya dakika 120, na fainali Addis Ababa wakakutana na nani? Ghana hao hao. Safari hii ilikuwa 1-0, bao la Pierre Kalala, Kazadi hakufungwa. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu waliporuhusu mawili mbele ya watu wale wale.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wa kwenye tofali. Zama zile hakukuwa na kompyuta ya kumwonyesha kipa alisimama wapi wakati krosi inapigwa. Leo klabu zetu kubwa zina mchambuzi wa video, na mchezaji akifika mazoezini Jumatatu makosa yake yote yameshakatwa vipande yanamsubiri. Kazadi mrejesho wake ulikuwa mechi inayofuata. Alifungwa, akalala, akaamka, akarudishwa golini, na mara nyingi dhidi ya watu wa daraja lile lile. Hiyo ndiyo shule aliyosoma.

CHUI WA MOBUTU

Oktoba 1971 Congo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya kizungu, na Robert akawa Kazadi Mwamba. Englebert nayo ikaachana na matairi, ikawa Mazembe. Timu ya taifa ikaitwa Chui. Mobutu aliipenda kwelikweli, akaihudumia, na kama tutakavyoona akaitisha pia.

Haikuwa timu tishio tangu mwanzo. Mataifa ya Afrika ya 1972 kule Cameroon, Zaire waliruhusu mabao tisa katika mechi mbili za mwisho tu, manne kutoka kwa Mali kwenye nusu fainali na matano kutoka kwa wenyeji walipogombea nafasi ya tatu. Timu nyingine ingevunjwa. Wao wakabaki na uti wa mgongo wao, wakaendelea kujengwa chini ya Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyekuwa ameipeleka Morocco Kombe la Dunia mwaka 1970.

Naomba msomaji umtunze huyu Vidinić kichwani, maana tutamhitaji mbele. Alikuwa kipa. Julai 10, 1960, jijini Paris, alikaa golini kwa Yugoslavia katika fainali ya kwanza kabisa ya Mataifa ya Ulaya. Golini upande wa pili alikuwa Lev Yashin wa Urusi ya Kisovieti. Yugoslavia walitangulia, kipindi cha pili kikaanza, likapigwa shuti la mbali, Vidinić akashindwa kuudaka mpira vizuri ukamtoka, Metreveli akaumalizia. Ikawa 1-1, na katika dakika za nyongeza Wasovieti wakachukua kombe. Kosa la kipa kwenye fainali, hakuna pa kujificha. Sasa angalia tarehe: Septemba 10 mwaka huo huo, miezi miwili kamili baadaye, Vidinić yuyo huyo alikuwa golini Roma wakati Yugoslavia inaifunga Denmark 3-1 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Kwa maneno mengine, Kazadi alikuwa anafundishwa na mtu aliyeijua njia nzima, ya kuanguka na ya kurudi.

Desemba 9, 1973, Kinshasa, Zaire wakawapiga Morocco 3-0 na kuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. (Kwa sisi wa Dodoma, ni miezi miwili tu tangu TANU iamue makao makuu ya nchi yahamie huku. Mwaka uliofuata Simba wakafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Ilikuwa miaka ya kuthubutu hii.) Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari.

Machi 1974 wakaenda Misri kwenye Mataifa ya Afrika. Kundi lao walipoteza mechi moja, 2-1 mbele ya ndugu zao wa Brazzaville. Nusu fainali dhidi ya Misri, Cairo, walikuwa nyuma 2-0 kipindi cha pili, wakageuza wakashinda 3-2. Fainali ikawa dhidi ya Zambia.

Fainali hiyo ndiyo mechi ninayoipenda zaidi katika maisha ya Kazadi, kuliko zote za Ujerumani. Machi 12, dakika 90 zimeisha 1-1. Dakika ya 117 Ndaye Mulamba anaifungia Zaire la pili. Kombe liko mkononi. Dakika ya 120, ya mwisho kabisa, Zambia wanasawazisha. Jiweke kwenye viatu vya kipa hapo. Enzi hizo hakuna matuta ya kuamua mshindi, mnarudiana keshokutwa. Una saa 48 za kulala hotelini ukiutazama mpira ule kwenye dari. Machi 14 wakarudiana, Ndaye akafunga mawili tena, akafikisha tisa katika mashindano yale, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Historia imempa Ndaye sifa zote na anastahili. Ila matokeo yalikuwa 2-0, na hiyo sifuri ilikuwa ya Kazadi.

Kwa hiyo aliyepanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi Juni 1974 alikuwa mlinda mlango wa miaka 27, bingwa wa Afrika mara mbili na taifa na mara mbili na klabu. Hili linasahaulika. Wazungu wengi walioandika habari zao walidhani wameona kundi la watu waliookotwa porini.

DAKIKA YA 21

Juni 14, Dortmund, dhidi ya Scotland. Peter Lorimer alifunga dakika ya 26 kwa shuti kali. Dakika ya 34 ikapigwa faulo, Joe Jordan akapiga kichwa bila kubughudhiwa, mpira ukaenda moja kwa moja kwa Kazadi na ukampita mikononi. Lilikuwa kosa lake, halina mjadala. Kipindi cha pili chote hakufungwa tena na mechi ikaisha 2-0. Kwa timu iliyokuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza haikuwa aibu. Na hayo mabao mawili baadaye yaligeuka shilingi ya Scotland iliyotumbukia shimoni, kama tutakavyoona.

Kilichofuata hakikuwa cha uwanjani. Wachezaji waligundua kwamba posho walizoahidiwa hazipo, zimeishia kwa maofisa walioongozana nao. Wakatishia kutocheza. Walipoingia uwanjani Gelsenkirchen Juni 18 kuwakabili Yugoslavia, miguu ilikuwepo, moyo haukuwepo. Na kocha wao alikuwa Myugoslavia, jambo ambalo tayari lilikuwa linanong'onwa.

Dakika ya 8, Bajević, 1-0. Dakika ya 14, Džajić, 2-0. Dakika ya 18, Šurjak, 3-0. Dakika ya 21 ubao ukapanda. Kazadi nje, akaingia Dimbi Tubilandu, kipa mfupi wa AS Vita Club. Kipa ambaye hajaumia kutolewa kwenye Kombe la Dunia lilikuwa jambo la nadra mno. Dakika moja tu baadaye faulo ikapigwa ndani ya boksi, Katalinski akafunga, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni. Wachezaji wa Zaire wakamzonga mwamuzi, Mcolombia Omar Delgado, mmoja wao akampiga teke, na katika vurugu ile mwamuzi akamtoa kwa kadi nyekundu Ndaye, ambaye hakuwa amegusa mtu. Yaani ndani ya dakika mbili timu imempoteza kipa wake na mfungaji wake bora. Mapumziko 6-0. Mwisho 9-0.

Kwa nini alitolewa? Simulizi iliyoenea, na inayotajwa kwamba ilitoka kwa Vidinić mwenyewe, ni kwamba ofisa wa serikali aliyekuwa benchi ndiye aliyeagiza. Kama ni kweli, basi kocha aliyewahi kuwa kipa alifanya kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kufanyiwa. Paris mwaka 1960 hakuna aliyemtoa.

Nimezungumza na makocha wa makipa wawili watatu hapa mjini kuhusu jambo hili, na wote wanaelekea upande mmoja. Kipa akifungwa kuna maswali yanayoweza kujibiwa. Alisimama wapi? Alimwita beki wake au alinyamaza? Mikono yake ilianza kutoka chini au juu? Kila swali lina jibu na kila jibu linafanyiwa mazoezi kesho yake. Kumtoa hakujibu hata moja kati ya hayo. Kunamwambia kwamba tatizo ni yeye. Na katika mabao yale matatu ya Yugoslavia, tatizo kubwa lilikuwa mbele yake, mabeki waliokuwa wanafikiria hela zao na washambuliaji wa Kiyugoslavia wanapita kama wako sokoni.

Nikapiga hesabu. Kazadi alicheza dakika 201 Ujerumani na kufungwa mabao manane. Tubilandu alicheza dakika 69 na kufungwa sita. Sisemi hivyo kumdharau Tubilandu, aliingizwa kwenye nyumba inayoungua akaambiwa azime. Nasema tu kwamba yule aliyetolewa hakuwa ugonjwa.

SIKU NNE

Jambo ambalo watu hawalisimulii ni la siku nne zilizofuata. Sote tunaijua habari ya Mwepu Ilunga kutoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa faulo ya Brazil kabla haujapigwa, dunia inacheka hadi leo. Tunajua pia, kwa simulizi ya Mwepu huyo huyo miaka mingi baadaye, kwamba watu wa Mobutu walifika hotelini na ujumbe kuwa wakifungwa manne na Brazil wasirudi nyumbani. Huo nao ulikuwa mrejesho, tukiamua kuuita hivyo.

Katika hali hiyo Vidinić alitakiwa kuchagua kipa. Ndaye ana kadi, timu imefungwa tisa, wakubwa wamekasirika, na mbele kuna bingwa mtetezi wa dunia, timu ya Rivelino na Jairzinho. Angeweza kumwacha Tubilandu. Angeweza kumchezesha kipa wa tatu na hakuna ambaye angemlaumu. Akampanga Kazadi.

Sijui wengine mnaonaje, ila mimi naona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko ule wa dakika ya 21. Alimrudishia mtu kile alichonyang'anywa mbele ya dunia nzima, na alimrudishia mahali pagumu zaidi. Asingeweza kumwambia kwa maneno kwamba bado anamwamini kisha amkalishe benchi. Kipa hasikii maneno, anasoma karatasi ya kikosi.

Juni 22, uwanja ule ule wa Gelsenkirchen. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Basi, kila mtu akajua mvua imeanza tena. Haikunyesha. Dakika ya 20 ikapita, ya 21 ikapita, ya 30, mapumziko 1-0. Bao la pili halikupatikana hadi dakika ya 66, na lilihitaji mguu wa kushoto wa Rivelino. Brazil walikuwa wanahaha, kwa sababu walihitaji ushindi wa mabao matatu ili waipiku Scotland kwa tofauti ya mabao. Dakika zinayoyoma, wanahitaji moja tu.

Dakika ya 79 Valdomiro akapiga kutoka kulia, mpira wa kawaida, wa kudaka. Ukampita Kazadi chini ya mwili karibu na nguzo. 3-0.

Ningependa kukuandikia kwamba aliudaka. Hakuudaka. Bao hilo liliipeleka Brazil mbele na kuirudisha Scotland nyumbani bila kupoteza hata mechi moja, na hadi leo Waskoti wazee wanalitaja jina la Kazadi kwa uchungu. Wakati huo huo 3-0 lilikuwa bao la mwisho lililoruhusiwa na lile onyo la hotelini. Dakika 11 zilizobaki, huku bao moja tu likiwatenganisha na balaa hilo, Kazadi hakufungwa tena. Ni katika dakika zile ndipo Mwepu alipotoka ukutani na kuubutua mpira. Wachezaji wakarudi nyumbani.

Watu wa soka wanapenda kulinganisha, kwa hiyo nami nilinganishe. Yashin, mpinzani wa Vidinić kule Paris, alikwenda Kombe la Dunia Chile mwaka 1962 akafungwa manne na Colombia, mojawapo likiwa kona iliyoingia moja kwa moja, kisha wakatolewa na wenyeji robo fainali kwa 2-1. Aliporudi Moscow alizomewa, madirisha ya nyumba yake yakavunjwa. Wengi waliandika kwamba amekwisha. Mwaka 1963 alipewa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya, na hakuna kipa mwingine aliyewahi kuupata hadi leo. Tofauti yake na Kazadi sidhani kama ilikuwa kipaji peke yake. Yashin alirudi nyumbani akakuta klabu inamsubiri na mechi za kucheza. Kazadi na wenzake walirudi wakakuta mlango umefungwa. Mobutu aliyekuwa anawapa magari hakutaka hata kuwaona. Macho yake yalikuwa yameshahamia Oktoba 30, Ali na Foreman, Kinshasa. Mashindano ya Afrika yaliyofuata, 1976, mabingwa watetezi Zaire walitolewa kwenye makundi.

Kazadi alifariki mwaka 1996, umri wake haujafika miaka 50. Mwaka mmoja baadaye Mobutu akaanguka na jina la Zaire likafutwa kwenye ramani. Ukitafuta habari zake leo utakutana kwanza na ubao wa 9-0, ingawa sita kati ya hayo yeye alikuwa amekaa benchi. Lakini Lubumbashi hawakuacha kuzalisha makipa. Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe waliwafunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Kipa wao aliyewanyima Wabrazil usiku ule, Kidiaba, naye jina lake la kwanza ni Robert.

Nilirudi Chang'ombe Jumamosi iliyopita. Nilimuuliza yule kocha kwa nini alimtoa dogo, akaniambia alitaka kumwokoa, alimwonea huruma maana watu walikuwa wanamcheka. Nilimwamini. Nikamuuliza kama amemwambia hivyo mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema bado. Dogo alikuwa benchi, glovu amezikalia. Baada ya mechi niliwaona wawili hao wamesimama golini, kocha anaonyesha kwa mkono upepo unapotokea, dogo anasogea hatua mbili nyuma, anasogea tena.

Jumamosi hii wanacheza saa kumi jioni. Nimeambiwa anaanza.